Mashine ya Nyasi ya Rimoti Inayotengenezwa Nyumbani
Mazungumzo kwa wanafunzi na wakufunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti



Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo la mkulima wa Ukambani, lakini zikinyesha vizuri, mahindi na ndengu haziwi peke yake shambani. Nyasi nazo huinuka: kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule na makanisa, na kwenye miteremko ya vilima vya Iveti ambako kibarua mwenye slasha huwa anaangalia mguu wake kuliko anavyoangalia nyasi. Kijana anayetaka kutengeneza mashine ya kukata nyasi inayoendeshwa kwa rimoti hachezi. Anatafuta kazi yake, na pengine mgongo wa mwenzake upone.

Mashine yenyewe ni ya zamani. Edwin Budding, fundi wa Gloucestershire huko Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1830, baada ya kuona mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya vitambaa. Uendeshaji wa mbali nao ni wa tangu 1898, Nikola Tesla alipoonyesha mashua ndogo jijini New York ikigeuka bila kuguswa. Anayeunganisha mambo hayo mawili leo hafanyi muujiza. Wakazi wa Wamunyu wanaujua mwenendo huo: Mutisya Munge alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ufundi wa kuchonga alioupata kwa Wazaramo, na hadi leo kuna nyumba zinazokula kwa patasi.

Sasa kazi yenyewe. Walio ng'ambo hupenda kutumia mota za viti vya magurudumu vya umeme. Hapa hizo ni adimu, lakini mota za waipa kutoka kwa magari yaliyovunjwa hupatikana kwa wauza vipuri vya mitumba. Mota ya waipa ya volti 12 huzunguka polepole na ina nguvu. Ikizungusha gurudumu la kipenyo cha sentimita 25 mara 60 kwa dakika, mashine hutembea mita 47 kwa dakika, yaani chini kidogo ya kilomita 3 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na kwa nyasi unatosha.

Mota mbili huwekwa nyuma, moja kila upande. Mbele hukaa magurudumu madogo yanayogeuka kila upande, kama yale ya troli la supamaketi. Mashine hii haina usukani: mota ya kushoto ikienda na ya kulia ikisimama, mashine hugeuka kulia, jinsi tingatinga linavyogeuka. Fremu huchomelewa kwa chuma cha pembe, na mashine ya kawaida ya petroli hufungwa katikati. Rimoti ya masafa ya 2.4 GHz, kama zile za magari na ndege za kuchezea, hutuma amri kwa kipokezi. Kipokezi nacho huiambia saketi ya kuendesha mota ipeleke umeme kiasi gani, na upande gani.

Kuna jambo moja linalowaunguzia watu saketi hiyo. Mota nyingi za waipa hutumia mwili wake kama waya hasi, kwa sababu ndani ya gari mwili wote ni hasi. Mota ya namna hiyo ikifungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye fremu, kisha ikaamriwa kurudi nyuma, chanya hugusa chuma chote na moshi hutoka. Mota itenganishwe na fremu kwa mpira au plastiki ngumu, au ifunguliwe na waya wake wa ndani utolewe nje.

Betri nayo ipigiwe hesabu. Mota mbili zikila ampea 5 kila moja, ni ampea 10. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 9, ambayo haifai kumalizwa zaidi ya nusu, itafanya kazi chini ya nusu saa. Anayetaka kumaliza uwanja wa shule ya msingi atafute kubwa zaidi.

Hayo yote ni mepesi. Zito ni kisu.

Kisu cha urefu wa sentimita 50 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake huenda karibu kilomita 280 kwa saa. Jiwe likiguswa na ncha hiyo haliulizi nani amesimama karibu, na Machakos haina upungufu wa mawe. Ndiyo maana mashine nyingi za kusukuma zina kishikio cha pili ambacho mkono ukikiachilia, kisu husimama. Nchini Marekani tangu mwaka 1982 sheria inadai kisimame ndani ya sekunde 3.

Anayetengeneza mashine ya rimoti jambo la kwanza analofanya ni kukifunga kishikio hicho kwa waya, maana hakuna mkono tena wa kukishika. Kwa fundo hilo moja ameondoa ulinzi wote. Rimoti ikiishiwa betri, waya ukichomoka, mashine ikipita nyuma ya ukuta, kisu kinaendelea kuzunguka na hakuna mwenye kukizuia. Mashine ya namna hiyo isiwashwe, hata kama imepakwa rangi nzuri.

Dawa yake ni rilei ndogo ambayo bei yake haifikii ya mota. Injini ya petroli ya aina hii huzimwa kwa kugusisha waya wa magneto na mwili wa injini. Basi waya huo upitishwe kwenye zile ncha za rilei ambazo hugusana rilei inapokosa umeme. Mashine itawaka tu pale kipokezi kinapopata mawimbi na kuishikilia rilei wazi. Mawimbi yakipotea, betri ikifa au waya ukikatika, rilei hujiachilia na injini huzimika. Wengine huifunga kinyume, rilei ipate umeme ndipo izime injini. Hiyo huonekana nzuri siku ya maonyesho, lakini betri ikifa haina nguvu ya kuzima chochote.

Kuhusu miteremko, kinachopunguza hatari ni kwamba mwendeshaji anasimama mbali, mahali tambarare. Gia za mota ya waipa pia husaidia: umeme ukikatika hukaza, na mashine haiteremki ovyo. Hata hivyo, mteremko unaozidi nyuzi 15, yaani unaopanda zaidi ya sentimita 27 kwa kila mita moja, uachiwe slasha. Mashine inaweza kupinduka, na injini ya mipigo minne ikiinama sana hukosa oili.

Kuna pesa? Ipo, kwa msimu. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kukata nyasi ni moja ya kazi ambazo kikundi kidogo kinaweza kuomba. Mtu asiyeweza kusukuma mashine, aliye kwenye kiti cha magurudumu kwa mfano, anaweza kuiendesha hii akiwa kivulini. Kikundi kikishaajiri, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakihusu, na kisu kisicho na kinga ni kosa. Na wenye ng'ombe wajue mapema: mashine hii huikatakata nyasi vipande vidogo, kwa hiyo anayetaka kufunga robota atumie kitu kingine.

Majaribio yafuate mpangilio huu. Kwanza kisu kitolewe kabisa, plagi ichomolewe, fremu iinuliwe juu ya matofali magurudumu yakielea, na rimoti ijaribiwe mbele, nyuma na pande zote. Kisha ishushwe chini na kuendeshwa uani bado bila kisu, kwa siku kadhaa. Baada ya hapo plagi irudishwe, injini iwashwe kisu kikiwa bado hakipo, na mtu azime rimoti makusudi. Injini isipozimika palepale, kisu kibaki kabatini.