Chachu Iliyookoka



Tarehe 11 Machi, 2011, tetemeko kubwa la ardhi lilitokea baharini, mashariki ya Japani. Mawimbi yalikifagia kitongoji cha Ukedo, mjini Namie, mkoa wa Fukushima, pamoja na kiwanda cha ukoo wa Suzuki, uliokuwa ukipika sake tangu karne ya 19. Siku ya pili, wakazi waliamriwa kuhama kwa hatari ya mionzi kutoka kituo cha nyuklia kilicho jirani.

Sake ni pombe ya mchele. Kuvu iitwayo koji hugeuza wanga wa mchele kuwa sukari, na chachu huigeuza sukari kuwa kileo. Kiwanda kikibomoka hujengwa tena. Chachu ya ukoo ikipotea, ladha yake imekwenda nayo.

Kwa bahati, kabla ya maafa hayo ukoo ulikuwa umepeleka sampuli ya chachu ikapimwe katika kituo cha utafiti huko Aizu, mbali na pwani. Kwa chachu hiyo, mwaka huo huo wakapika tena ugenini, mjini Nagai, mkoa wa Yamagata. Mwaka 2021, baada ya miaka 10, wakafungua tena kiwanda Namie.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Lakini akiba iliyowekwa yote katika ghala moja huteketea kwa siku moja. Ukoo ule uliokolewa na bahati. Mwenye dhamana ya ulinzi hana ruhusa ya kuingojea.