Turbini Ndogo ya Maji kwa Taa za Nyumbani

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa mwaka



Kamati imenipa kazi ya kueleza jambo ambalo limezungumzwa sana katika mikutano yetu, nalo ni kama yafaa chama kiweke fedha zake za akiba katika mtambo mdogo wa kutoa umeme kwa nguvu ya maji ya kijito chetu, na kama yafaa, mtambo huo uwe wa namna gani. Mimi ni karani, wala si fundi wa mitambo. Lakini hesabu ya jambo hili si ngumu kuliko hesabu ya daftari la michango, na kila mwanachama aliyetoa shilingi yake anastahili kuijua kabla fedha hazijatoka sandukuni.

Wako ndugu zetu wanaoshauri kwamba tununue mashine kwanza, kwa sababu wameiona ikiuzwa, na imeandikwa kilowati 5 ubavuni. Kwa heshima zote nasema kwamba gurudumu ndilo jambo la mwisho kuamuliwa. Mto ndio unaochagua gurudumu, na mto hausomi maandishi ya ubavuni mwa mashine.

Nguvu ya maji hutokana na mambo mawili tu: kimo ambacho maji yanaanguka, na wingi wa maji yanayopita kwa sekunde moja. Ukizidisha kimo kwa mita na wingi kwa lita, kisha ukazidisha jibu kwa 9.81, utapata wati zilizomo ndani ya maji hayo. Hata hivyo si zote zitakazofika kwenye taa. Nyingine hupotea kwa msuguano wa bomba, nyingine katika gurudumu, nyingine katika jenereta na nyaya. Katika mitambo midogo ni busara kutumaini nusu tu. Kwa hiyo badala ya 9.81, zidisheni kwa 5. Kijito chenye anguko la mita 20 na lita 10 kwa sekunde kitatupa wati 1,000 hivi, yaani kilowati 1. Ile mashine ya kilowati 5, katika anguko hilo hilo, itadai lita 50 kila sekunde, usiku na mchana, masika na kiangazi.

Tusiidharau kilowati 1. Katika kijiji cha Kathamba, huko Kirinyaga, mwaka 2001 ulifungwa mtambo wa anguko la mita 28 uliotumia lita 8.4 kwa sekunde. Ulitoa kilowati 1.1, na nyumba 65 zikapangwa kupata mwanga kwa umeme huo. Katika mwaka uo huo, kijiji cha Thima cha wilaya iyo hiyo kilifungiwa mtambo wa anguko la mita 18 na lita 28 kwa sekunde. Huo ulitoa kilowati 2.2 kwa ajili ya nyumba 110. Mtambo wa Thima haukuwa hata na gurudumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo: ilikuwa pampu ya kawaida ya maji iliyopelekwa kinyume, maji yakiingia mahali yalipozoea kutokea. Tangu siku hizo taa zimekuwa bora zaidi. Taa ya LED ya wati 5 yamtosha mtoto kusoma, na kilowati 1 ikigawanywa kwa taa za namna hiyo ni taa 200. Lakini pasi moja ya umeme yaweza kula kilowati hiyo yote peke yake, na nyumba nyingine zote zikabaki gizani jirani yao akinyosha shati. Ikiwa hatuko tayari kuandika sheria juu ya pasi, tusianze kazi.

Sasa nieleze namna ya kupima. Kwa wingi wa maji, kijito huzibwa kwa udongo na mawe hata maji yote yapitie katika kipande kimoja cha bomba, ndipo chombo cha ujazo unaojulikana kikingwe huku mtu mwingine akitazama saa. Debe la lita 20 likijaa kwa sekunde 2, hizo ni lita 10 kwa sekunde. Kwa kimo, mpira mwembamba unaopenyeza mwanga hujazwa maji, na watu wawili hushuka mtelemko hatua kwa hatua. Maji ya ncha mbili za mpira husimama usawa mmoja daima, hivyo tofauti ya kila hatua hupimwa kwa kijiti na kujumlishwa. Kazi hii yataka asubuhi moja na watu wasiochoka upesi.

Jambo kubwa ni wakati wa kupima. Vipimo tulivyo navyo vilichukuliwa baada ya mvua. Kuukadiria mto mwezi wa Mei ni kama kukadiria utajiri wa mtu jioni ya siku ya mshahara. Sisi wa upande huu wa Mlima Kenya tupime mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, kabla ya mvua ndefu, na tena mwezi wa Septemba. Kisha tutumie kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Wala tusichukue hata hicho chote. Maji yakitoka katika mashine hurudi mtoni, ni kweli, lakini kati ya mlango wa kuyachotea na nyumba ya mashine kuna watu na ng'ombe, na kijito kisikauke mbele ya macho yao. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, nacho kiombwe mapema.

Baada ya mto, bomba. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kutaka kuokoa fedha kidogo. Lita 10 kwa sekunde zikishuka katika bomba la plastiki la milimita 110, kila mita 100 za bomba hula kimo cha mita 1 na robo au 1 na nusu tu. Lakini ukipunguza upana wa bomba kwa nusu, hasara huongezeka mara 32 hivi. Bomba la inchi 2 lingedai kimo cha mita 40 na zaidi kwa mita 100 ili kupitisha maji hayo, na sisi tuna mita 20. Maana yake ni kwamba maji hayo hayatapita kamwe, hata kama bomba lilinunuliwa kwa bei nzuri.

Ndipo tunafika kwenye gurudumu. Aina ya kwanza ni ile ya vikombe, iliyobuniwa na Lester Pelton huko California, naye akapewa hataza mwaka 1880. Maji hutoka kwa kasi katika mdomo mwembamba na kupiga vikombe vilivyogawanyika katikati. Aina hii hupenda kimo kirefu na maji machache. Kwa kimo cha mita 20 maji hutoka kwa kasi ya karibu mita 19 kwa sekunde, na kwa lita 10 mdomo wa bomba ungekuwa na upana wa milimita 26 hivi, ambao ni mnene mno kwa gurudumu dogo. Ingebidi tuweke midomo kadhaa, au tuwe na gurudumu kubwa lizungukalo polepole.

Aina ya pili yaonekana kutufaa zaidi. Iligunduliwa na Anthony Michell wa Australia mwaka 1903, na baadaye Donát Bánki wa Hungary aliichunguza. Ni kama pipa jembamba: visahani viwili vya chuma, na kati yake mapanga yaliyopinda. Maji hupita kati ya mapanga mara mbili, yakiingia na yakitoka, na hivyo majani madogo hujisafisha yenyewe. Uzuri wake kwetu ni kwamba mapanga hayo yaweza kukatwa katika bomba la kawaida la chuma lililopasuliwa kwa urefu, na fundi wa kuchomelea wa jua kali aweza kuyafunga. Kwa mfano wetu, visahani vya sentimita 20 vyatosha, bomba la mapanga liwe la inchi 2 na nusu, na nafasi kati ya visahani iwe sentimita 3 hivi. Gurudumu hilo litazunguka mara 900 hivi kwa dakika, na mkanda utauongeza mwendo hata kufikia mara 1,500 na kidogo kwa jenereta.

Jenereta yaweza kuwa mota ya kawaida ya kinu iliyofungiwa kapasita. Lakini yuko adui mmoja. Watu wakizima taa zao saa nne usiku, mzigo hupungua na gurudumu hukimbia, huweza kufikia karibu mara mbili ya mwendo wake, na umeme uliozidi huunguza kila taa iliyobaki. Kwa hiyo hapana budi pawe na kidhibiti ambacho hupeleka umeme wa ziada katika kipasha maji. Kifaa hiki hakitengenezwi na fundi wa kuchomelea. Kinunuliwe, na bei yake isifutwe katika makadirio ati kwa kuwa hakionekani kikizunguka.

Naiomba Kamati, kwa hiyo, isilipe hata arubuni ya mashine ile mpaka vipimo viwili vya kiangazi viwe vimeandikwa. Nimefungua daftari la vipimo, nalo limo katika afisi ya chama. Nahitaji watu wawili wenye miguu mizuri, debe moja lisilovuja, na saa yenye mshale wa sekunde, Jumamosi ya mwisho ya Februari, saa moja ya asubuhi, penye daraja la miti.