Wageni Wakija Kutazama Nyumba ya Wanyonge

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Njoro)

Naona hata watu wa Mau Narok wamefika, pamoja na matope yote hayo. Asanteni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutembeza wageni. Vikundi vingine vinapanga safari ya kujifunza, na vingine vinataka kupokea wageni ili vipate shilingi mbili tatu. Yote mawili ni mazuri. Ila kuna jambo ambalo naona tunalirukaruka.

Tuanze hapa nyumbani. Wengi wenu mmewahi kupeleka watoto kuona kasri la Lord Egerton kule Ngata. Lilijengwa kuanzia mwaka 1938 hadi 1954, vyumba 52, na mwenyewe, Maurice Egerton, alifariki mwaka 1958 bila kuoa. Mtembezaji anakupitisha chumba kwa chumba, anakusimulia habari za mwanamke aliyemkataa, watu wanacheka, wanapiga picha, wanakwenda zao. Hakuna ubaya. Mle ndani hakuna wa kuona haya, maana mwenye nyumba hayupo na hakuacha mtoto.

Lakini hebu fikirini mahali ambapo hapakujengewa tajiri. Palijengewa watu wasio na kwao, na wajukuu wao wangali wanaishi papo hapo. Hapo mgeni ataingiaje?

Mfano tulio nao Kenya uko pwani. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na Mwingereza aliyekuwa amekwenda kumsukuma ni Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa baharini, swali likawa: watu hawa wapelekwe wapi? Walikuwa wametekwa mbali sana, wengine Nyasa, wengine wakiwa watoto wasiojua hata jina la kijiji chao. Ndipo mwaka 1875 wamishonari wa CMS wakaanzisha makao upande wa bara wa Mombasa, pale Kisauni, wakapaita Frere Town. Palikuwa na nyumba, mashamba, shule, kanisa, na kengele ya kuwaonya watu hatari ikija. Mpaka leo mahali hapo panaitwa Kengeleni, na matatu zinapita hapo kila dakika. Abiria wangapi wanajua kengele ilikuwa ya nini, sijui.

Ukipanda Rabai, ambako Krapf na Rebmann walikaa tangu mwaka 1846, unakuta habari hiyo hiyo na kubwa zaidi. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia misheni. Mabwana wao wakaja juu, wakitaka kuwachukua kwa nguvu. Mwishowe kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati zao za uhuru. Tangu mwaka 1994 Rabai kuna makumbusho ndani ya jengo la kanisa la zamani, na mgeni hutembezwa.

Sasa sikilizeni. Mtembezaji mvivu atakuonyesha nyumba ya Krapf, atakuambia Mzungu alikuja, akafundisha, akaokoa, basi. Mtembezaji mwema atakuambia pia habari za William Jones, Ishmael Semler na George David, Waafrika waliokuwa wameokolewa utumwani, wakalelewa kule Nasik, India, ndipo wakarudi kufundisha na kuongoza watu wao. Wala hatakuficha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa Frere Town alishutumiwa kwa kuwachapa viboko watu wale wale waliokuwa wamepewa uhuru. Habari hiyo ni chungu, lakini ni yao. Wakiifuta ili mgeni afurahi, watakuwa wameuza jengo na kutupa watu.

Na wana wa Frere Town hawakungoja kusimuliwa na wengine. James Juma Mbotela aliandika kwa Kiswahili kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Katika ukoo huo huo alitoka Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940 na kufariki mwaka 2025, yule wa redioni aliyekuwa akituuliza, "Je, huu ni ungwana?" Zamani kule pwani mwungwana ni yule ambaye si mtumwa. Kumbe aliyeuliza taifa zima swali hilo alikuwa mjukuu wa watu walionyimwa jina hilo.

Kuna mji Ujerumani, Augsburg, ambao una nyumba za maskini zilizoanzishwa na tajiri Jakob Fugger mwaka 1521. Watu kama 150 wanaishi humo mpaka leo. Kodi ya mwaka mzima, bila gharama za moto na umeme, ni senti 88 za euro, haifiki hata euro moja! Wageni wanafurika kutazama, na kiingilio chao husaidia kutunza majengo. Lakini mgeni haingii kwa bibi kizee akiwa anapika. Imetengwa nyumba ya maonyesho, imepangwa vitanda na meza, hiyo ndiyo unayotazama. Milango mingine ni ya wenyewe. Usiku saa nne lango linafungwa.

Hilo tu lingetusaidia sana hapa. Si mnajua tunavyofanya gari la wafadhili likifika? Tunawapanga yatima mstari, waimbe. Tunamfungulia mgeni mlango wa mama mjane, ati aone jinsi anavyolala. Mama anatabasamu kwa sababu kikundi kimemwambia atabasamu. Je, alikubali? Picha ile inakwenda wapi? Na mgeni akiacha bahasha, nani anaihesabu mbele ya nani? Mimi ningependa mama mwenyewe aulizwe siku moja kabla, wanakikundi wengine wakiwa hawapo, na akikataa asiulizwe tena. Pesa zihesabiwe siku hiyo hiyo kwenye mkutano, naye awepo.

Kwa wale wanaokwenda pwani: Frere Town na Rabai msizibane katika siku moja, mtachoka bure. Andikeni barua mapema kwa makumbusho Rabai, na kwa wazee wa kanisa kule Kisauni, mwombe mtu wa hapo hapo awatembeze, na mmlipe. Msiulize mtu kabila la babu yake kabla hajalitaja mwenyewe. Na mweka hazina asisahau nauli ya kurudi.

Nitapokea maswali sasa.