Lalamiko la Mdomo Halina Shahidi



Leo naongea na nyinyi mlioajiriwa na serikali: wauguzi, walimu, makarani, wafanyakazi wa kaunti. Na nyinyi mnaotafuta kazi sikizeni pia, siku yenu yaja inshallah.

Kuna dada, muuguzi, alitujia akilia. Msimamizi wake alikuwa akimsumbua kuhusu hijabu. Alijieleza kwa mdomo mara tatu. Baadaye akapewa barua ya kusimamishwa kazi, eti utovu wa nidhamu. Tukamuuliza, "Dada, una karatasi gani?" Hana hata moja. Msimamizi anasema hajawahi kusikia lalamiko lolote. Sasa tuanzie wapi?

Haki alikuwa nayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa dini, hata wa mavazi. Kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 236 kinasema mtumishi wa umma hafutwi wala hashushwi cheo bila kufuata sheria. Alichokosa ni ushahidi.

Basi fanya hivi. Kwanza, andika. Tarehe, saa, mahali, nani alisema nini, nani alikuwepo. Usitukane. Sema wataka nini.

Pili, peleka barua kwa mkuu wako, nakala kwa ofisi inayoshughulikia wafanyakazi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Iweke nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.

Tatu, shirikisha chama chako cha wafanyakazi. Kujiunga nacho ni haki yako, kifungu cha 41.

Nne, ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo. Mfanyakazi wa kaunti asiporidhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Ukizungushwa bila majibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman. Hulipi kitu.

Mwisho kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Lakini usilale: madai ya kazi kwa kawaida yana miaka 3 tu, na rufaa nyingine zina muda mfupi zaidi.

Najua mtasema, "Nikiandika, kibarua kitaota nyasi." Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini yule dada hakuandika, na bado alisimamishwa. Na kumwaga hasira Facebook kabla ya kuandika barua ni kumpa mkubwa wako sababu ya bure.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, inatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Kama deni la shilingi laandikwa, je, haki yako ya riziki?

Una jambo kazini? Andika leo usiku, kabla hujasahau tarehe. Kisha njoo tuisome pamoja.

Wabillahi tawfiq.