Imamu Ghazali na Swali la "Tunajuaje?"

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya tarawehe)



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazee wangu, mama zetu, ndugu zangu vijana. Nilipopewa mada hii, vipi watu mbali mbali wamemfahamu Mungu, niliingia hofu. Hii ni bahari, na mimi kuogelea sijui. Kwa hivyo nitaanza na kisa kidogo, kisha tumfuate mtu mmoja.

Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu tulikuwa na ndugu mmoja katika hosteli yetu. Kijana wa kuswali, na Qur'ani akisoma vizuri kunishinda mimi. Siku moja katika darsa aliinua mkono akauliza, "Sheikh, tunajuaje kama Mungu yupo kweli? Au ni kwa sababu tumezaliwa kwa Waislamu tu?" Akaambiwa, "Astaghfirullah! Hilo ni swali la shetani, kaa chini." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Tangu siku ile hakuonekana tena darsani, na baada ya muda hata Ijumaa hatukumuona.

Sasa sikilizeni. Swali lile lile aliwahi kujiuliza mtu ambaye Umma umemwita Hujjatul Islam.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ambayo leo ni Iran, mwaka 450 Hijria, yaani 1058. Alisoma Nishapur kwa Imamul Haramayn al-Juwayni, na mwaka 1091 akapewa kufundisha Nizamiyya ya Baghdad, madrasa iliyokuwa na jina kubwa kabisa wakati ule. Mwenyewe ametueleza katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal kwamba tangu ujanani kuna jambo lilimsumbua. Aliona watoto wa Manasara wanakua Manasara, wa Mayahudi wanakua Mayahudi, na wa Waislamu wanakua Waislamu. Na hadithi ya fitra tunaijua sote, kwamba mtoto huzaliwa na maumbile safi, kisha wazazi wake ndio wanaomuelekeza. Basi akajiuliza: katika hiki nilicho nacho, kipi nimekijua na kipi nimerithi tu, kama mtu anavyorithi shamba la minazi?

Akaanza kupima. Alianza na macho. Ukitazama kivuli unakiona kimesimama, lakini rudi baada ya saa moja utakuta kimetembea. Nyota unaiona ndogo kama dinari, na elimu ya hesabu inathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi yote. Basi macho ni mwongo. Akageukia akili. Akajiambia, ukiwa ndotoni si huona mambo ukayasadiki kabisa, kisha ukiamka ukajicheka? Nani atakayekuhakikishia kwamba haya ya akilini mwako hayana kuamka kwake?

Karibu miezi miwili, ndugu zangu, Ghazali alikaa katika hali hiyo. Kwa ulimi hakusema kitu, lakini ndani alikuwa mtu wa shaka. Na alipopona hakudai kwamba amepata hoja. Hoja hujengwa juu ya jambo ambalo umelikubali kwanza, na yeye hakubakiwa na pa kuweka jiwe la kwanza. Anasema ni nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Mngedhani baada ya hapo angefunga vitabu. Wapi! Ndipo alipokwenda kuwasikiliza wengine wanasemaje juu ya Mungu. Aliwasoma wanafalsafa peke yake, katika saa alizopata huku akifundisha wanafunzi wapatao mia tatu.

Wanafalsafa wale walikuwa wakimfuata Myunani Aristotle. Yeye alisema kila kinachokwenda kinasukumwa na kingine, na huwezi kurudi nyuma bila mwisho, kwa hivyo lazima yuko msukumaji wa kwanza ambaye mwenyewe hasukumwi. Hoja nzuri, hata leo tunaitumia. Lakini Mungu wa Aristotle anajifikiria nafsi yake tu, wewe hakushughulikii. Akaja Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 1037, Muislamu aliyehitimu Qur'ani na umri wa miaka kumi. Yeye alimwita Mungu Wajibul Wujud, yaani ambaye haiwezekani asiwepo. Ila alisema kwamba Mungu anayajua mambo madogo madogo kwa njia ya jumla.

Hapo Ghazali akasimama. Katika Tahafut al-Falasifa aliwapinga katika masuala 20, na matatu aliyatia katika kufuru. Moja katika matatu hayo ndilo hili la Mungu kutoyajua mambo moja moja. (Wapo wanazuoni mpaka leo wanaosema hakumtendea haki Ibn Sina, na Ibn Rushd aliandika kitabu kizima kumjibu.) Lakini tazameni kwa nini lilimuuma. Wewe umefunga. Adhuhuri unatia udhu peke yako, jua kali, maji yamo mdomoni, hakuna anayekuona. Unayatema. Ikiwa Mungu anajua "kufunga" kwa jumla tu, basi yale maji uliyoyatema Jumanne ameyajua nani?

Na si sisi peke yetu. Jirani zetu Wamijikenda humwita Mulungu, na jina letu Mungu lina asili hiyo hiyo. Wamaasai wana Enkai, na neno hilo hilo kwao ni mvua. Husema yuko Enkai mweusi aliye mpole na mwekundu mwenye hasira. Wakikuyu wakiomba wakielekea Kirinyaga. Msinifahamu vibaya, sisemi dini zote ni sawa, tauhidi ni tauhidi. Ninalosema ni kwamba mzee anayetoka kuomba mvua ameamini kwamba Mungu analijua shamba lake. Hakumsoma Aristotle, lakini katika jambo hili yuko karibu na Ghazali kuliko wanafalsafa wa Baghdad.

Kisha likamkuta jambo la pili. Hoja zote sasa anazo, jina analo, na akajikagua akaona anafundisha kwa kutaka jaha. Rajab 488, mwaka 1095, ulimi ukafungwa. Anasimama mbele ya wanafunzi, neno halitoki. Chakula hakipiti. Matabibu wakasema ugonjwa huu umetoka moyoni. Akaiacha Baghdad, akaenda Damascus, akawa anapanda mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa. Alilolijua ni kwamba kujua maana ya afya na shibe ni mbali na kuwa mzima na kushiba. Saa kumi na mbili jioni, uji uko mekoni unanukia, tofauti hiyo inahitaji kuelezwa kweli?

Alirudi kufundisha mwaka 1106, Nishapur, miaka mitano kabla ya kufa.

Wazazi wangu, mtoto akikuuliza "tunajuaje?", kumbukeni Nabii Ibrahim (A.S.) katika Suratul Baqara, aya ya 260. Aliomba aonyeshwe vipi wafu watafufuliwa, ili moyo wake utulie, na akaonyeshwa. Hakufukuzwa. Na maswahaba walipomwendea Mtume (S.A.W.) kumweleza kwamba wanapata nafsini mambo mazito hata kuyatamka hawathubutu, katika Sahihi Muslim imekuja kwamba aliwaambia hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Wale waliumwa na shaka zao, kwa sababu walikuwa na kitu cha kupoteza.

Mwezi wa Shaabani nilimpigia simu yule ndugu. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana masomo. Nikamwambia nimepewa mada, na swali lake limo. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mngali mnacheka?" Nikamwomba msamaha, nikamwambia aje asikilize. Ikiwa yumo humu ndani, ndugu yangu, swali lako ndilo la kwanza usiku huu, na sheikh wetu amekubali kunisaidia nikishindwa. Baada yake, kina dada andikeni yenu mwapitishe huku mbele.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.