Kijana wa Otisimu Asiyelala Usiku



Leo hatutasema juu ya maziwa wala chanjo. Kuna mama anayengoja mpaka wenzake wamekwisha kupima watoto, ndipo ananikaribia pole pole: «Mama munganga, kijana yangu halalake. Usiku muzima iko anazunguka mu nyumba.»

Vijana wengine wa namna hii wana otisimu (Tanzania wanasema usonji). Ubongo wao ulijengwa hivyo tangu tumboni. Mmoja hasemi kabisa, mwingine anarudia neno moja siku nzima, ama analia nguo fulani ikimgusa. Haikutoka kwa chanjo, wala kwa mama aliyekosa upendo. Usingizi ni shida kwa wengi wao, na wakianza kubalehe inaweza kuzidi, sababu mwili wa kijana yeyote unachelewesha saa ya kulala.

Munajua kinachosemwa mu kartie: «Anatembea usiku, ni ndoki.» Wamama, musikubali. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto juu ya ulozi, na azabu yake ni kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Na sisi wasomaji wa Yoane sura ya 9, tunajua Bwana alijibu nini walipomuuliza ni nani aliyefanya zambi, kipofu ama wazazi wake. Kufunga kijana kwa kamba, kumnyima chakula ili «atoke roho», ni kumtesa tu.

Tafuta kwanza maumivu. Asiyesema hawezi kukuambia jino linamuuma. Angalia meno, masikio, tumbo, choo, na kama anajikuna. Akikakamaa usingizini, akiuma ulimi, inaweza kuwa kifafa, ambacho mara nyingi kinafuatana na otisimu na kinaweza kuanza katika miaka hii. Hapo usingoje: umlete.

Kisha saa. Amuke saa ileile kila siku, hata kama alilala vibaya, hata Siku ya Mungu. Muchana afanye kazi ya mwili: kuchota maji, kulima, kutembea. Chai, kahawa na Coca, mwisho ni saa sita ya muchana. Telefone iondoke mbele yake saa moja kabla ya kulala. Magaribi, mambo yafuatane bila kubadilika: bukari, kuoga, nguo ya kulala, sala, kitanda. Uyachore kwa makala juu ya kartoni, aonyeshe kwa kidole. Kijana huyu anapenda kujua kinachofuata.

Hapa kwetu Annexe kuna jambo moja dogo linalovunja kazi yote: umeme unarudi saa nane ya usiku, taa inawaka, redio inapiga kelele. Zima vyote kabla ya kulala. Kelele ya nganda na ya mikesha yetu sisi wakristu hatuwezi kuizima (ingawa wachungaji wangeweza kupunguza baflé!), lakini kitanda chake kinaweza kuwekwa mbali na barabara.

Chandarua kipya kinaweza kumuzuru kwa harufu. Kianike kivulini siku moja, akiguse muchana, kisha kifungwe. Asilale bila chandarua. Na wakati wa baridi ya Juni na Julai, mbabula isiingie chumbani. Moshi wake usioonekana unaua.

Akiamuka, usimpige, usiwashe taa kubwa. Umurudishe kwa maneno machache, yaleyale. Funga kopo kwenye mlango ulisikie akitaka kutoka, na ufiche kiberiti. Baba na dada mkubwa wakae zamu na wewe. Mama asiyelala miezi mitatu ataugua.

Valium ya sokoni, hapana. Kuna dawa inayoitwa melatonini, lakini ni dokta anayeamua. Centre Joseph Guislain ya ndugu wa Charité, hapa Lubumbashi, inapokea magonjwa ya ubongo na ya akili.

Kabla ya kuja, andika siku 14: alilala saa ngapi, aliamuka mara ngapi, alikula nini magaribi. Asiyejua kuandika, mtoto wa shule amusaidie. Leteni karatasi hiyo siku ya kipimo.