Jirani Habebwi na Mto: Maneno Yetu kwa Vijana wa Kapalata

Wandugu, wana Boyoma,

Februari 2023 Wambole na Walengola walianza kuuana ng'ambo ya mto, kule Lubunga. Moto ukafika mpaka Opala na Ubundu. Chanzo ni ardhi: hektari 4000 zilizotolewa kwa kampuni moja ya kilimo. Mamia wamekufa, nyumba zimechomwa, na wengi wamevuka mto kuja kulala kambini upande wetu huu.

Hapa Kapalata tunasikia maneno matatu: "Hao watarudi kwao." "Kampuni ikiondoka, yote yataisha." "Jeshi litamaliza." Tunasema wazi: hizo ni ndoto, si mpango.

Tunaelewa zinatoka wapi. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katika mji huu, na mwishowe yakaondoka. Yalikuwa na kwao. Lakini Mmbole na Mlengola wa Lubunga, kwao ni wapi? Ni hapo hapo! Kampuni ikienda, swali la mipaka ya mashamba litabaki. Jeshi linaweza kusimama katikati, lakini haliwezi kusuluhisha urithi wa babu.

Tazameni Israeli na Palestina. Mwaka 1993 walitia sahihi mapatano ya Oslo, lakini mambo magumu, Yerusalemu, wakimbizi, mipaka, yakaachwa kwa baadaye. Na kila upande ulikuwa na watu waliongoja mwingine achoke. Leo, kati ya Yordani na bahari, wako Wayahudi karibu milioni 7 na Wapalestina karibu milioni 7. Hakuna upande uliotoweka. Anayengoja jirani apotee haoni sababu ya kumwachia hata hatua moja ya shamba.

Kwa hiyo tunadai: viongozi wa pande zote mbili wawaambie watu wao wenyewe, hadharani, kwamba jirani anabaki. Ardhi ipimwe mbele ya wote. Waliokimbia warudi. Waliouwa wafike mahakamani, kabila lolote. Kila upande utapoteza kitu. Mapatano ndiyo hayo.

Na sisi vijana, wengi tuna diploma bila kazi, lakini simu tunazo. Sauti ya chuki ikiingia WhatsApp, tusiisambaze. Tumuulize aliyeituma: "Na wasipoondoka, utafanya nini?"

Amani itaanzia kwenye jibu la swali hilo.